Nililikunja Shuka la Daktari wa Bima

Kitu cha kwanza nilichokiona mle chumbani ni kitambaa cha meza. Kilikuwa cha kijani, kimepigwa pasi kwa pupa, na mkunjo wa katikati ulikuwa umepinda, unaelekea kushoto kama mlevi anayetafuta kwao. Wakubwa wa kamati walikuwa wamekaa nyuma yake, tayari kuamua maisha yangu, na mimi nikawa nawaza: nani aliwapigia pasi hii?

Anayenifuata tangu mwanzo anajua nimefikaje mbele ya kitambaa kile. Kwa yule ambaye jirani aliazima gazeti akalirudisha halina ukurasa wangu, nasimulia haraka haraka.

Nilikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kufulia. Tulifua mashuka ya hospitali na ya mahoteli. Mimi nilikaa kwenye mashine ya kupigia pasi, ile yenye magogo mawili ya moto yanayozunguka, shuka linaingia bichi linatoka limenyooka. Ilikuwa na kamba ya kuisimamisha kwa dharura. Msimamizi wetu aliifunga kamba hiyo juu kwa kitambaa, kwa sababu eti wasichana tunaigusa ovyo na kazi inachelewa. Siku shuka liliponasa, mkono wangu wa kulia ukalifuata. Kamba ilikuwa juu huko, imefungwa vizuri kabisa.

Ngozi ilipona. Vidole havikufunga tena. Kiwanda kikanishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia kila la heri.

Mama alikuwa ameacha kufulia watu, kwa sababu ya mgongo. Nilipofukuzwa kwa kuombewa heri, akalichukua karai lake uvunguni, akalipiga vumbi, akarudi kwenye nguo za watu.

Sasa, kila mwezi kiwanda kilikuwa kinatukata mshahara kupeleka kwenye mfuko wa pensheni. Tukiuliza tunaambiwa ni kwa ajili ya uzee wenu. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya mfuko ule mna bima ya ulemavu, kwamba mtu akiumia asiweze kazi tena, analipwa hata kama hajaota mvi. Aliyetuambia ni Wakili Baadaye.

Si jina lake. Nilimpa mimi kimoyomoyo, maana kila ukimuuliza kitu anajibu baadaye. Ada yake? Baadaye, tukishinda. Karatasi za hospitali zitapatikana lini? Baadaye. Hata chai aliyomwahidi mama siku ya kwanza tulipoingia ofisini kwake, mpaka leo iko baadaye.

Ana tabia nyingine pia: anaumwa pamoja na wateja wake. Anasema tumeumia. Anasema mkono wetu haufanyi kazi. Siku moja mama, kwa huruma, alimuuliza kama na yeye amepata dawa.

Bima walikuwa wameshatukataa mara moja. Walikubali kwamba kufua siwezi tena, lakini walisema naweza kazi nyingine inayolingana na elimu yangu na uzoefu wangu. Mtaalamu wao akapendekeza kazi ya kupokea simu. Mimi nimeishia darasa la tano, na kiwandani walikuwa wananiita Kimya. Simu ikilia naitazama kwa heshima mpaka inyamaze yenyewe.

Wakili akakata rufaa kwenye kamati ya mfuko. Kamati ikasema, kabla ya kusikilizwa, nikapimwe na daktari wa bima. Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni kwa daktari huyo, mimi na mama, tumevaa vizuri kama watu wanaokwenda kuposa. Basi tuingie.

Daktari wa Bima alikuwa mtu wa haraka. Alinilaza kitandani juu ya shuka jeupe, akaniuliza habari ya mkono. Nikasema mzuri. Ndivyo nilivyolelewa, mtu mzima akikuuliza habari unajibu nzuri, hata kama nyumba inawaka nyuma yako.

Akauliza kama unauma. Nikamtazama mama, aliyekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba magotini. Nikasema kidogo.

Akauliza kama napata nafuu. Nikamtazama mama tena. Nikasema ndiyo, naendelea vizuri.

Kwa nini nilikuwa namtazama mama, mtajua kabla sijaweka kalamu chini. Nisubirini.

Alinibonyeza vidole, akagonga kiwiko, akaandika. Halafu akaniambia nishuke, akanipa mgongo akaenda kunawa mikono.

Nikashuka. Nyuma yangu shuka likabaki limekaa shaghalabaghala kitandani, pindo moja sakafuni.

Ndugu msomaji, kama hujafanya kazi ya kufulia hutaelewa. Kiwandani kwetu mtu aliyeacha shuka wazi alisemwa mpaka anastaafu. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo: shuka halilali wazi. Ukipita ukaliona liko wazi, liwe lako lisiwe lako, unalikunja. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikashika ncha moja kwa mkono wa kushoto, katikati nikaibana kwa kidevu, upande wa pili nikauvuta kwa kiwiko, nikaligeuza juu ya paja, nikalipanga miguuni pa kitanda, kingo juu ya kingo. Ngozi ya mkono wa kulia haikuligusa hata kidogo. Ulining'inia tu pembeni kama mgeni aliyekuja kutazama kazi za wenzake.

Daktari akageuka na mikono inayochuruzika maji. Akalitazama lile shuka muda mrefu. Mimi nikafikiri amependezwa.

“Hongera,” akasema.

“Asante, daktari.”

Mama njia nzima alikuwa anafurahi. Alisema daktari yule ana macho mazuri, ameona kwamba mimi ni mtoto niliyelelewa.

Ni kweli ameona. Ripoti ilipofika, Wakili Baadaye alitusomea kwa sauti inayopanda ngazi. Mdai anasema mkono ni mzuri. Mdai anasema maumivu ni kidogo. Mdai anasema anaendelea vizuri. Mdai, bila kuombwa na bila kusaidiwa, alikunja shuka kubwa kwa ustadi. Maoni ya daktari: hali si ya kudumu, na upo uwezekano kwamba mdai anatia chumvi.

Kutia chumvi. Mimi ambaye nilikuwa nimeondoa chumvi yote mpaka hapakubaki hata mchuzi.

“Tumelikunja shuka,” Wakili akasema taratibu, kama mtu anayeripoti msiba. “Tumekwenda kwa daktari wa adui, tumemtandikia kitanda.”

Mama akamrekebisha. Kutandika ni kitu kingine, akasema. Hili lilikunjwa.

Ndipo Wakili akatueleza jambo lenyewe, na kwa mara ya kwanza hakutumia neno baadaye. Bima ile inalipa ulemavu wa kudumu tu. Mkono unaopona haulipwi. Na rufaa ni moja, kamati ikikataa hakuna mlango mwingine. Kwa hiyo tukaanza mafunzo. Mbele ya kamati nisikunje kitu chochote. Leso ikianguka, niiache. Karatasi ikipeperuka, iende zake. Nijibu kwa sauti ya chini, jambo ambalo halikuhitaji mafunzo. Na mama aje, akae nyuma, alie, asiseme neno.

“Nilie saa ngapi?” mama akauliza.

“Utaona mwenyewe, mama.”

“Si nijue, baba, nisije nikalia wakati wa salamu.”

Hivyo ndivyo tulivyofika mbele ya kitambaa cha kijani.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzito na kalamu ya wino aliyokuwa anaifungua na kuifunga. Kulia kwake alikaa mwanasheria wa bima, binti wa rika langu, na huyo ndiye mtu mpole kuliko wote niliokutana nao katika safari hii nzima. Aliniita dada. Alinivutia kiti. Aliniuliza kama feni inanipiga sana. Nikampenda papo hapo, nikasahau kwamba hata mwenye sindano hukupangusa kwanza kwa pamba.

Akasoma ripoti ya daktari wake, polepole, kwa masikitiko, kama vile ilikuwa inamuumiza yeye. Alipofika kwenye shuka akasimama. Akainamia mfuko wake, akatoa shuka jeupe, jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

“Tunapinga,” Wakili Baadaye akasema.

Mwenyekiti akamtazama juu ya miwani. “Nani na nani?”

“Mimi, mheshimiwa. Na mteja wangu.”

“Mteja wako hajafungua mdomo. Dada, unaweza kutuonyesha ulivyolikunja lile la daktari?”

Mwanasheria akalikung'uta shuka, akalitupa juu ya meza likafunika kile kitambaa kilichopinda. Likalala pale, wazi.

Nilijitahidi, Mungu shahidi. Nilikumbuka mafunzo. Nilitazama dari. Lakini pindo moja lilikuwa linateleza kuelekea sakafuni, taratibu, na hakuna hata mmoja kati ya wakubwa wale aliyeshtuka.

Nikasimama, nikalikunja.

Kushoto, kidevu, kiwiko, paja. Kingo juu ya kingo. Nilipomaliza, mjumbe mmoja wa kamati, mzee wa makamo, alitikisa kichwa akasema kwamba mke wake na mikono yake yote miwili hajawahi kufikia hapo. Wenzake wakacheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka.

“Umetumia kidevu,” akasema.

“Ndiyo, mheshimiwa.”

“Mkono wa kulia haukugusa.”

“Haukugusa, mheshimiwa.”

Wakili Baadaye akaruka kama aliyekalia moto. Mmeona wenyewe, akasema. Daktari alikuwa ametupa mgongo, aliona shuka, hakuona mkono. Mkono wetu umekufa, waheshimiwa, mbele ya macho yenu. Alisema vizuri siku hiyo, nakiri. Nilimtazama mama, akawa anajipangusa jicho, si kwa maagizo bali kwa fahari, na mimi nikaona kabisa tumeshinda. Nilianza kuliwaza lile karai la mama likirudi uvunguni.

Mwanasheria mpole akangoja mpaka wakili wangu akakaa.

“Ni kweli,” akasema. “Nimeona, na nimevutiwa sana. Leo mkono huu haufanyi kazi. Lakini kamati haikuitwa kuamua habari ya leo.” Akageuza ukurasa kwa kidole kimoja. Daktari wa hospitali aliyemtibu dada mwanzoni kabisa, akasema, aliandika aendelee na mazoezi. Mazoezi anapewa mtu anayepona. Na dada mwenyewe amesema kwa kinywa chake kwamba anaendelea vizuri. Bima yake inamwonea huruma, inamtakia afya njema, na itafurahi kusikia siku amepona.

Kila mtu katika habari hii ananitakia mema. Nimeshazoea.

Mwenyekiti akamgeukia wakili wangu. Akamwambia kwamba swali limebaki moja tu: mkono huu unapona au hauponi? Yuko wapi daktari aliyemtibu?

“Amehamishwa, mheshimiwa. Tutamleta baadaye.”

“Hakuna baadaye. Tunaamua leo.”

Hapo ndipo kiti kiliposogea nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka. Naijua sauti ya mama anavyosimama, anashika kwanza goti, halafu kiuno, halafu anaguna kidogo.

Akaomba ruhusa. Wakili akampungia mkono akae, akampungia tena, akawa kama anafukuza nzi. Mwenyekiti akasema mwacheni mama aseme.

Mama akawaamkia wote, mmoja mmoja, hata yule mwanasheria akamwambia hujambo mwanangu. Kisha akasema maneno ambayo nitayakumbuka mpaka nizikwe.

“Waheshimiwa, mimi sikusoma, sijui mambo ya bima. Lakini mnamsema mwanangu kwamba amekufa mkono, na mimi ndiye ninayempaka mafuta kila asubuhi. Huo mkono unapona. Naujua. Jana alishika kitasa cha mlango. Wala msinionee huruma mimi kwa kufulia watu, nafua kwa muda tu. Siku atakapopona nitapumzika.”

Hakulia. Alisahau kabisa kulia. Alisema akitabasamu, kama mtu anayewaletea watu habari njema.

Wakili Baadaye alifunga macho. Mwanasheria wa bima aliandika neno moja, halafu akasema, “Asante, mama,” na nadhani alimaanisha.

Kile kitasa nilikishika kwa kushoto. Mkono wa kulia niliuweka juu tu, kwa sababu mama alikuwa anatazama.

Sasa niwaambie nilichoahidi.

Siku ya kutoka hospitali, kabla hatujachukua njia ya kwenda nyumbani, mama alichukua chupa ya chai kwenda kuiosha bombani. Daktari aliyenitibu akaja peke yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa kijana, na alikuwa amechoka. Akaniambia ngozi itafunga lakini mishipa imekwisha, vidole havitarudi, si mwakani wala siku yoyote. Nikamuuliza basi ataandika nini. Akasema ataandika mazoezi, kwa sababu hawezi kumrudisha mtu nyumbani na karatasi tupu.

Mama akarudi na chupa inayodondosha maji. Akauliza daktari amesemaje.

Nikasema amesema polepole.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla hajachukua karai lake, mama anakaa mkekani, anauweka mkono wangu juu ya goti lake, anaupaka mafuta kidole kimoja kimoja, anauliza leo vipi. Nami najibu leo afadhali. Vidole vyake mwenyewe vimenyauka kwa sabuni, vimepasuka, na mafuta anayamalizia kwenye vyangu. Ningeanzia wapi kumwambia? Wakili sikumwambia, maana wakili angemwambia. Daktari wa Bima sikumwambia, maana mama alikuwa amekaa pale mlangoni, mkoba magotini, anasikiliza.

Wale wote waliosoma walikuwa wanautafuta ukweli kwenye mafaili, na ukweli nilikuwa nimeukalia mimi, kimya, ili mwanamke mmoja aweze kuamka asubuhi.

“Binti,” mwenyekiti akasema. Alikuwa amefungua kalamu. “Simuulizi mama, simuulizi wakili. Nakuuliza wewe. Unapona?”

Wakili akanikanyaga mguu chini ya meza. Mwanasheria mpole akaniinamia kwa uso wa kunitia moyo. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshaingia chini ya lile shuka nililolikunja pale mezani, unanyoosha ule mkunjo uliopinda wa kitambaa cha kijani, na sikumbuki nilianza saa ngapi.

“Waambie, mwanangu,” mama akasema kutoka nyuma. “Usiwaonee aibu. Waambie unavyoendelea.”

Neno lilikuwa ulimini, lile lile la kila siku, limeshavaa viatu linataka kutoka. Afadhali.

Nikageuka. Nikampa mwenyekiti mgongo, jambo ambalo sikulelewa kulifanya. Mama alikuwa bado amesimama, ameshika mgongo wa kiti, bado anatabasamu.

“Mama,” nikasema, “huu mkono hauponi. Daktari aliniambia siku ile ulipokwenda kuosha chupa.”